Uso Niliouchora kwa Kuuliza

Bwenini, ghorofa ya juu
Februari 3

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kiti chako hakina mtu, maana ni ndefu, na nakujua: utaanza kuisoma mteja ana povu nusu shavu, mwishowe mtu wa watu aende nyumbani kanyolewa upande mmoja.

Kwanza, simu yako ina nini? Wiki iliyopita iliita wee, hakuna wa kupokea. Wiki hii haipatikani kabisa.

Pili, nimepatikana. Unayakumbuka yale masomo ya lazima kwa wote, ambayo kila muhula nilisema nitayafanya baadaye? Basi, baadaye imefika. Mshauri wa masomo aliniita ofisini, akanigeuzia kompyuta nione. Masomo yangu ya uhandisi wa maji yote yana alama ya kijani mpaka chini. Pembeni kuna kisanduku kimoja chekundu: Sanaa. Nikamwambia, mwalimu, mimi ni mtu wa mabomba, sanaa ya nini? Akasema hapa hakuna anayepewa shahada kwa kujua kitu kimoja tu. Na kwa kuwa nilipoteza mwaka ule wa mama, huu ndio muhula wangu wa mwisho kuruhusiwa. Nikifeli hakuna kurudia, natoka mikono mitupu. Nilikaa pale nikiangalia kile kisanduku nikataka kulia.

Darasa pekee lenye nafasi ni la kuchora. Mimi na kuchora wapi na wapi! Mwalimu wetu ni mzee mmoja, vidole vyeusi tii muda wote, tunamwita Bwana Mkaa. Kazi yake ya muhula ni ya ajabu. Kila mmoja achague mtu anayemjua aliye mbali, amchore kichwa na uso mara kadhaa kwa maneno ya mtu huyo mwenyewe. Picha hairuhusiwi, hata ya simu. Anasema kuona ni kuuliza, na sisi hatujui kuuliza.

Nimekuchagua wewe. Usijivune, ni kwa sababu tu unashinda mbele ya kioo kutwa nzima. Basi niandikie ulivyo. Anza juu, ushuke taratibu, usiruke kitu.

Mwanao,
Chiriku


Dukani
Februari 10

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Simu imetumbukia kwenye beseni la maji ya kunyolea. Nilikuwa nimeibana kwa bega huku namchonga mtu ndevu. Fundi anasema kuna kifaa anakisubiri. Tuandikiane tu, kwani kuna ubaya gani? Kwa simu ungenikatiza kila neno. Jina Chiriku hukupewa bure.

Haya, shika penseli. Kichwa changu ni kipana juu, kimechongoka kidevuni. Upara umeanzia pembe mbili na unakwenda kukutana katikati, nami nimeacha kugombana nao. Kisogoni, mkono ukipita, kuna kibonde kinachotosha ncha ya kidole. Hicho ni cha utotoni, shangazi yako aliponisukuma ngazini. Mpaka leo anasema niliteleza.

Kipaji cha uso kina mikunjo mitatu, wa katikati umekatika. Nyusi nene. Sikio la kulia limechomoza kuliko la kushoto, nawe umelirithi, pole sana. Mashavu yamejaa. Ndevu nazipunguza mwenyewe kila Jumamosi, mvi zimezidi upande wa kushoto. Shingo nene, kola ya shati inanibana mpaka natoa macho. Mama yako alikuwa akiniita Gunia, Mungu amrehemu.

Sasa sikiliza. Usiwaze mambo ya huku. Mara hii twende moja kwa moja mpaka mwisho. Siku utakapovaa lile joho nitafunga duka, na atakayetaka kunyolewa siku hiyo akajinyoe mwenyewe.

Baba yako,
Kinyozi


Dukani
Februari 11

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu sauti imekwisha. Wateja nawaambia nina mafua. Sasa mafua yamekuwa marefu, wameanza kunitazama.

Nilikwenda kwa daktari wa koo. Aliingiza kile kimrija chenye kamera, akaangalia, akaangalia tena. Kuna uvimbe, na umeshateremka mbali. Akasema kukata hakutasaidia. Halafu akaniuliza nyumbani naishi na nani. Aliposema hivyo nikajua.

Chiriku nimemwambia simu imeanguka majini. Iko kwenye droo ya mikasi, nzima kabisa. Ilikuwa ikiita naliangalia jina lake mpaka inanyamaza. Nikashindwa, nikaizima.

Anataka nimweleze uso wangu aupeleke darasani. Nimemwandikia ule wa kwenye picha niliyopiga siku ya kufungua duka, iliyo hapa ukutani. Huu wa sasa angeuchora mara moja tu, halafu angefungasha. Unamjua. Mama yake alipougua aliacha kila kitu akaja, akarudi akakuta wenzake wamesonga, akaanza kuhangaika nyuma yao mpaka leo. Amebakiwa na somo moja, dada. Moja tu. Nakuomba usimwambie.

Mdogo wako


Bweni la shule
Februari 19

Wewe mtoto,

Marahaba, ingawa huistahili.

Nimeisoma barua yako chooni maana ndipo pekee ambapo wasichana wangu hawanifuati. Nimelia humo mpaka mpishi akaja kugonga mlango kuuliza kama matroni ameanguka.

Unafanya vibaya. Huyo ni mwanao, ana haki ya kujua. Nimeshaanza kumwandikia mara mbili, nikachana. Unajua kwa nini nimechana? Kwa sababu nami namwona mwishowe akiwa jikoni kwako anakoroga supu, na chuo kimeshamfuta. Basi nitanyamaza. Lakini kunyamaza huku kunanichoma, na ukienda nitabaki nako mimi, si wewe. Ulilifikiria hilo?

Naomba ruhusa kwa mkuu wa shule nije kukaa nawe. Nikikuta umesimama unanyoa watu, nitakufungia ndani na ufunguo nitaukalia.

Dada yako


Bwenini
Machi 6

Baba,

Shikamoo. Mambo si mazuri.

Mchoro wa kwanza nilipata nusu ya alama, nikasema si haba kwa mtu wa mabomba. Wa pili nimepata chini ya hapo. Bwana Mkaa aliiweka yote miwili mezani, akaitazama mmoja mmoja. Halafu akasema, "Huyu unamuuliza mtu au unaiuliza picha ya ukutani?" Nikamwambia ni baba yangu, yu hai, ananiandikia kwa mkono wake. Akasema mtu aliye hai akilala tu anaamka na uso mwingine, ila huyu wako kagandishwa. Mchoro wa tatu usipoonyesha kitu kilichobadilika, atanifelisha. Na hatanii. Wiki jana amemrudisha mtu analia.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, acha kujipamba. Najua unataka utoke vizuri. Jiangalie upya, uniambie kilichobadilika, hata kiwe kidogo. Chunusi pia naipokea.

Huyo fundi wa simu ni fundi kweli au muuza maneno? Nimeikosa sauti yako. Juzi nimesikia mtu anacheka kama wewe kwenye foleni ya maktaba, nikageuka kama mjinga.

Chiriku


Dukani
Machi 15

Chiriku,

Marahaba. Huyo Bwana Mkaa ana jicho, mwambie nimesema. Angekuwa kinyozi angekula vizuri.

Kweli nilikuandikia kwa mazoea. Leo nimekaa mwenyewe kwenye kiti cha wateja, nikajigeuza huku na huku. Sikuwahi kukikalia muda mrefu hivi. Sasa najua kwa nini watu husinzia.

Mashavu yamepungua, mfupa wa chini ya jicho umejitokeza. Nimeacha sukari, ndiyo maana. Ndevu nimenyoa zote, kwa hiyo kidevu kiko wazi, nacho ni chembamba kuliko nilivyodhani. Kola hainibani tena, vidole viwili vinaingia. Chini ya taya, upande wa kushoto, pamevimba kidogo, kuna jino linanisumbua. Mikunjo ya kipaji imekuwa minne.

Chora hivyo. Usinipendelee.

Baba


Bwenini
Machi 27

Babaaa!

Shikamoo mara mia! Nimepata alama ya tatu kwa ukubwa darasa zima! Bwana Mkaa aliuinua mchoro wangu juu, akawaambia wale wa sanaa wenyewe, "Mnaona? Huyu ameuliza." Mimi! Wa mabomba! Rafiki yangu wa chumba hiki amesema shavu lile linamfanya atake kumpa huyo mzee chakula.

Sasa nijibu bila kuzunguka: umekonda, umenyoa ndevu, umeacha sukari. Ni mama gani huyo? Kama kuna mtu nataka nimjue kabla sijamkuta amekalia kiti changu. Sitakasirika. Labda kidogo.

Usiache sasa. Niandikie vilevile kwa ajili ya wa nne. Tumebakisha michoro miwili tu, wa mwisho ni Mei 12, kisanduku kigeuke kijani.

Chiriku wako mwenye kipaji


Nyumbani
Aprili 9

Chiriku,

Marahaba. Nimecheka, mama. Hakuna mwanamke. Nani atamtaka Gunia lisilo na kitu ndani?

Duka nimelifunga kidogo, nalipaka rangi. Nitaandika kwa ufupi, mkono umechoka na brashi.

Macho yameingia ndani. Kope zinaonekana nzito. Nywele za pembeni zimenyonyoka, sasa masikio yote mawili yanaonekana yamechomoza, kwa hiyo hatuchekani tena. Midomo imekauka, kuna mpasuko katikati ya wa chini. Shingoni chora skafu. Ni baridi ya asubuhi.

Na ile ya foleni ya maktaba, sikujua kama unakikumbuka kicheko changu hivyo. Endelea hivyohivyo. Nimefurahi sana na hiyo alama ya tatu.

Baba


Bwenini
Aprili 21

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa anwani ya Baba kwa sababu bwenini kwako wameniambia umechukua ruhusa na uko kwake. Nilikupigia juzi. Ukasema mtandao mbaya, ukakata. Shangazi, wewe hujawahi kukata simu maishani mwako. Wewe hukatiwa.

Nimefanya kitu leo. Bwana Mkaa alituambia tuibandike michoro yote kwa mfululizo, tuone tulikotoka. Nikaibandika juu ya kitanda changu, kuanzia wa kwanza mpaka wa nne. Nikarudi nyuma kuitazama. Rafiki yangu akaingia, akaiangalia kidogo, akauliza taratibu, "Huyu baba yako alifariki lini?"

Nilimchora mimi mwenyewe na sikumwona. Shavu nililichora huku najipongeza kivuli kimekaa vizuri. Skafu niliifurahia kwa sababu mikunjo ya kitambaa ina alama zake. Nilifanya mzaha juu ya mwanamke, Shangazi.

Niambie ukweli. Anaumwa nini? Nikikosa jibu lako mpaka mwisho wa mwezi, napanda basi, na chuo kifanye kitakavyo.

Chiriku


Nyumbani kwa baba yako
Aprili 26

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako ni vidonda vya tumbo. Anakunywa dawa. Anaendelea vizuri, anakula. Mimi nimekuja kupumzika tu, wale wasichana wamenichosha.

Usije. Somo lako liko ukingoni. Kaa umalize.

Nakupenda sana. Hilo sijawahi kukudanganya.

Shangazi yako


Nyumbani
Mei 3

Chiriku wangu,

Shangazi yako hajui kudanganya. Alinisomea barua yako na aliyokuandikia, na ile sentensi ya mwisho hata mtoto mchanga angeishtukia. Umeshaiweka michoro ukutani, basi hakuna nilichobakiza cha kuficha.

Naumwa, mama. Ni koo. Simu haikuingia maji. Sauti ilikwenda mwishoni mwa Januari, na nilijua ukinisikia mara moja tu utakuja mbio. Mchoro ule wa pili ulipopata alama mbaya niliumia, kwa sababu niliona ni mimi niliyekufelisha. Nikalazimika kuchagua, nikakuambia ukweli kidogokidogo na kuupaka sukari. Nisamehe kwa hilo.

Sasa nakuomba, na sikuombi kama baba, nakuomba tu. Mama yako ulimuuguza ukalipa mwaka mzima. Sitaki niwe mwaka wako wa pili. Umesema mchoro wa mwisho ni tarehe kumi na mbili. Uchore, uupeleke, ndipo upande basi. Nitakusubiri.

Shika penseli. Kichwa sasa hakina nywele kabisa. Mashimo ya pembeni mwa kipaji yameingia, gumba linakaa ndani. Nyusi zimebaki, lakini nyembamba. Macho ni makubwa kuliko zamani, au uso ndio umepungua. Weupe wa macho umekuwa wa manjano, hilo kwa penseli usihangaike nalo. Mashavu hayapo. Mfupa wa taya unaufuata kwa jicho kutoka sikioni mpaka kidevuni, isipokuwa kushoto, palipovimba. Skafu nimeivua ili uione shingo. Mdomo umefunguka kidogo, kwa sababu ya kupumua. Usiufunge.

Na uniweke nikiangalia mbele. Nakuangalia wewe.

Baba yako,
Kinyozi


Dukani
Juni 8

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa kuwa kwa simu nitakupigia kelele, na sitaki.

Nimepita. Wameniandikia kutoka chuoni. Kile kisanduku ni kijani na nitavaa joho mwezi wa kumi na moja. Nimekuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo nyote wawili mlilolitaka.

Sasa niseme langu. Barua yake ilinifikia tarehe kumi, nikachora siku mbili bila kutoka chumbani. Nilipomkabidhi Bwana Mkaa mchoro, aliupeleka dirishani penye mwanga. Alinishika bega akasema, "Nenda." Nikaenda nilivyo, hata begi sikufunga. Njia nzima nilijiambia amesema atanisubiri, na Baba hajawahi kumwambia mteja njoo halafu akakuta amefunga. Nikashuka, nikaikata kona yetu, nikaona viti vimepangwa nje. Nikaelewa. Kitu ambacho sikukielewa ni kwamba mlikuwa mmerudi kutoka kumzika.

Ulisema ni amri yake azikwe kabla sijafika. Ulisema aliandika kwa kidole hewani, asinione hivi, nawe ukaapa. Nimelifikiria hilo kila siku. Shangazi, alishaniandikia yote! Shingo, taya, mdomo. Kulikuwa na nini tena cha kunificha? Mlinifichia maiti ya mtu niliyemchora mstari kwa mstari. Nimekukasirikia sana, na bado. Hata hivyo najua ni wewe uliyemlisha na kumwosha, na kwamba neno lake hukulivunja hata lilipokuuma. Yote mawili ninayo moyoni kwa pamoja na sijui niyaweke wapi.

Nimefungua duka ili nilisafishe. Zile picha za mitindo ya nywele nimeziteremsha, nikaibandika michoro yote mitano juu ya kioo. Wateja wake wanapita, wanaingia, wanavua kofia. Muuza magazeti alisimama mbele ya ule wa tano akashika mdomo. Akasema, "Ndiye. Ndiye kabisa, siku ile ya mwisho nilipomletea gazeti." Jirani naye amesema hivyohivyo, akalia. Daktari wa koo alipita juzi, kumbe naye alikuwa akinyolewa hapa, akauliza ni nani aliyekaa na mgonjwa muda mrefu hivyo.

Kila mtu anamtambua, Shangazi. Kila anayeingia. Ni mimi peke yangu ninayeutazama na sijui kama ni yeye, kwa sababu ni mimi peke yangu ambaye sikumwona. Ninayemjua ni Gunia, mwenye kola inayombana. Huyu wa tano nimempata kwa maneno tu.

Kwa hiyo nakuomba kitu, na ukinifanyia nitaacha kukasirika, taratibu. Wewe ndiye uliyekuwa naye mpaka mwisho. Niandikie alivyokuwa asubuhi ile ya mwisho. Usinipendelee, usipake sukari. Penseli ninayo hapa mkononi, na nimekaa kwenye kiti chake cha wateja.

Anza juu, ushuke taratibu, usiruke kitu.

Mwanao,
Chiriku